Laptopu Haijui Kwamba Maji Ni ya Mtungi

Jioni moja nilikuwa katika nyumba ya wageni Mtito Andei nikimalizia ripoti ya kurasa nne. Niliwasha hotspoti ya simu, nikaunganisha laptopu, nikaendelea kuandika. Sikuwa nimefika aya ya mwisho ujumbe ulipoingia: bando la GB 2 limekwisha. Ripoti yenyewe haikufika hata MB 1. Nilipochunguza nikakuta laptopu ilikuwa imejitafutia shughuli. Ilivuta masasisho ya Windows, ikapandisha picha za harusi ya mpwa wangu kwenye hifadhi ya mtandaoni, ikasasisha na programu mbili ambazo sikumbuki lini nilizitumia mara ya mwisho. Yote kimyakimya, huku mimi nikitafuta neno la kumalizia sentensi.

Mtu wa Kitui au Makueni hahitaji mhadhara kuhusu tofauti ya bomba na mtungi. Maji yaliyobebwa na punda kutoka mtoni, lita 20 kwa lita 20, hayatumiwi kama maji yanayotiririka jikoni. Unanawa uso kwa kikombe, na yaliyooshea vyombo humwagiwa mche wa mpapai. Intaneti ya bando nayo ni ya mtungi. Shida ni kwamba laptopu imezaliwa mjini: ikiona Wi-Fi inadhani imeona bomba. Hasara nyingi ambazo watu huilaumu hotspoti kwazo zinaanzia hapo.

Kuhusu jina: ukiiweka simu ya Android kwa Kiswahili utakutana na neno mtandaopepe, la ukoo mmoja na barua pepe. Ni neno zuri, ila sijamsikia mtu katika soko la mji wa Wote akimwomba mwenzake amwashie mtandaopepe. Nitabaki na hotspoti.

Simu inayorusha hotspoti hubeba kazi tatu kwa mpigo. Ya kwanza ni ya modemu, yaani kuzungumza na mlingoti wa kampuni ya simu, ule ambao vijijini tunauita busta. Ya pili ni kurusha mawimbi yake yenyewe ya Wi-Fi kuzunguka meza yako. Ya tatu haionekani, nayo ni ya karani wa mlangoni. Kila kifaa kinachoingia hupewa namba ya ndani, kwa mfano 192.168.43.20, na simu huweka daftari la nani ameomba nini. Maombi yote hutoka nje kwa jina la simu yenyewe. Busta haioni laptopu yako, kishikwambi cha shule wala simu ya jirani. Inaona laini moja tu.

Wanaokumbuka modemu za USB, zile tulizochomeka ubavuni mwa kompyuta zikiwa na laini ndani, watajua kazi hizi zilihitaji kifaa cha pembeni. Android 2.2 ya mwaka 2010 iliziingiza ndani ya simu, na iPhone ikafuata kwa iOS 4.3 mwaka 2011. Huko Marekani kampuni za simu zilitaka kulipwa ada ya ziada kwa jambo hilo, hadi Verizon ikalazimika mwaka 2012 kulipa dola milioni 1.25 kumaliza uchunguzi wa serikali kuhusu kuzuiwa kwa programu za kugawa intaneti. Kwetu, bando la kawaida la kulipia kabla hukatwa MB kwa MB, iwe imeliwa na simu au na mgeni wake. Vile vifurushi vinavyojiita vya bila kikomo ndivyo vya kusoma masharti kabla ya kuvishangilia.

Sasa turudi kwenye bomba. Simu ya Android inapomrushia mwenzake wa Android, humnong'oneza kwamba mtandao huu unapimwa, na yule mgeni hupunguza tamaa bila kuambiwa na mtu. Laptopu ya Windows kwa kawaida huchukulia kila Wi-Fi kuwa haina kipimo mpaka uiambie vingine. Ukishaunganisha, ingia katika mipangilio ya Wi-Fi hiyo, fungua sifa zake, washa swichi iliyoandikwa Metered connection. Unafanya hivyo mara moja tu kwa kila jina la hotspoti, laptopu itakumbuka. Ukibadilisha jina la hotspoti, utaanza upya. Swichi hiyo haizuii kila kitu, lakini masasisho makubwa yatasubiri siku utakapopata Wi-Fi ya ofisini. Kisha simamisha mwenyewe zile programu za kupandisha picha na mafaili, kwa sababu nyingine haziheshimu swichi. Simu kadhaa pia zinakuruhusu kuweka kikomo cha data kwa wageni: zikifika MB 300, mlango unajifunga. Laiti ningelijua hilo kabla ya Mtito Andei.

Baada ya hapo inafaa kujua kila kazi hunywa kiasi gani. Kujaza fomu ya eCitizen au kuwasilisha ritani ya kodi kwa KRA ni MB chache tu, kikombe kimoja. Mwalimu anayepandisha alama za tathmini kwenye tovuti ya baraza la mitihani, KNEC, naye hatumii mengi, isipokuwa ukurasa ukikwama akaanza tena na tena. Mkutano wa video wa watu wengi ni habari nyingine: saa moja inaweza kula kuanzia MB 800 hadi zaidi ya GB 2, kutegemea ubora wa picha. Mkutano uleule kwa sauti pekee kwa kawaida hula makumi ya MB tu kwa saa. Kwa hiyo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kule Kwa Vonza anayefuata somo akiwa nyumbani afunge kamera yake bila aibu, na akiweza afunge na picha zinazoingia. Uso wa mhadhiri haumo katika mtihani.

Bando za saa moja zina hila zake. Ni nafuu, ila saa huanza kuhesabu unaponunua, wala haisubiri upate nenosiri ulilosahau. Andaa kazi ikiwa nje ya mtandao: alama ziwe tayari kwenye faili, vyeti viwe vimepigwa picha na kupunguzwa ukubwa, namba ya kitambulisho iwe kando ya meza. Ndipo ununue. Nimewahi kumwona mtu akitumia dakika 40 za bando la saa nzima akitafuta cheti cha kuzaliwa chini ya godoro.

Lakini yote haya yanadhani mtandao upo, na hapa ndipo Ukambani, zilimo Kitui na Makueni, panapokuwa na kisa chake. Nyaya za baharini zilipotia nanga Mombasa mwaka 2009, TEAMS na SEACOM, intaneti ya Kenya iliacha kutegemea setilaiti, ikaanza kusafiri ardhini kuelekea Nairobi kwa nyuzi za kioo zinazofuata barabara kuu. Barabara hiyo inapita Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali na Sultan Hamud. Yaani sehemu kubwa ya intaneti ya nchi inapita katika udongo wa Makueni mchana na usiku, ilhali nyumba iliyo kilomita chache kutoka hapo huenda inahangaika kupata mstari mmoja wa mtandao. Ni kama mto wa mchanga wakati wa kiangazi: maji yako chini, ila lazima uyafikie.

Kuyafikia kunategemea busta, na busta hutawaliwa na ardhi. Kaunti ya Kitui ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000 na watu milioni 1.1 kwa sensa ya 2019. Makueni haifiki theluthi moja ya ukubwa huo, lakini ina watu karibu milioni moja. Mwenye kampuni akipiga hesabu ya wateja kwa kila busta, unajua atajenga wapi kwanza. Halafu kuna milima. Mawimbi ya masafa ya chini, kama 800 MHz, husafiri mbali na kupenya kuta vizuri zaidi kuliko yale ya 1800 au 2100, lakini hakuna yanayopita katikati ya kilima cha Mbooni au chini ya ukingo wa Yatta, ule uwanda wa lava unaonyooka karibu kilomita 300. Ukiwa upande usiofaa wa mwamba, uko kivulini. Wanaosema ukizunguka jiwe la Nzambani mara saba unabadilika jinsia wana hadithi yao. Mimi najua kwamba ukizunguka jabali lolote kubwa mara moja tu mtandao unaweza kubadilika kutoka 4G hadi sifuri.

Ndiyo maana naipenda hotspoti kuliko watu wanavyoipenda. Faida yake kubwa vijijini ni kutenganisha mahali simu ilipo na mahali wewe ulipo. Bila hotspoti unalazimika kusimama penye mtandao, pale kwenye kichuguu au nyuma ya zizi, simu sikioni. Ukiwa na hotspoti, simu inakaa inapoiona busta na wewe unakaa mezani na chai yako. Paa la mabati huzuia mawimbi, na ukuta wa matofali ya kuchoma huyapunguza. Basi usiweke simu kando ya laptopu. Ipeleke kwenye dirisha linaloelekea busta, au nje chini ya upenu. Wi-Fi yake itarudi ndani mita 10 hivi, hata zaidi kukiwa na dirisha wazi. Hapo chagua masafa ya 2.4 GHz katika mipangilio ya hotspoti, si 5 GHz. Hayo ya pili yana kasi, ila ukuta mmoja huyachosha.

Utapata wapi pazuri? Usiamini mistari pekee, maana huonyesha nguvu ya mawimbi, haionyeshi foleni iliyo kwenye busta. Mwezi wa Desemba, watu wa Nairobi wanaporudi nyumbani na simu zao, mistari inaweza kujaa na ukurasa usifunguke. Pima kasi sehemu tatu nne za boma, asubuhi na jioni, uandike. Kazi nzito ziache ziende usiku wa manane au alfajiri, wakati busta imepumzika.

Kuna jambo jingine linalowatatanisha wengi. Unaongoza mkutano, shangazi anapiga simu, na mkutano mzima unaganda. Sababu ni kwamba simu nyingi, zikiwa hazijawashiwa huduma ya kupiga kupitia 4G, huiacha 4G na kushuka hadi 3G au 2G ili zipokee sauti, nayo hotspoti inateremka nazo. Kwenye simu ya laini mbili, kuongea kwa laini moja mara nyingi husimamisha data ya nyingine. Washa huduma hiyo ya kupiga kupitia 4G katika mipangilio ya laini kama ipo, au elekeza simu za shangazi kwenye kabambe yako, ile simu ndogo ya vitufe, kwa saa hiyo. Usimwambie sababu, ataelewa vibaya.

Kuhusu usalama nitasema machache. Nilisema busta inaona laini moja, na laini hiyo imesajiliwa kwa kitambulisho chako. Mgeni akitumia hotspoti yako kumtapeli mtu au kumtukana chifu, mlango wa kwanza kubishwa ni wako, na Kenya ina sheria ya makosa ya kompyuta tangu 2018. Kwa hiyo usiache hotspoti wazi. Weka ulinzi wa WPA2 au WPA3 na nenosiri lenye herufi zaidi ya nane, lisiwe namba yako ya simu. Ondoa jina la kiwandani linalotangaza aina ya simu yako kwa kila apitaye. Mgeni aliyewahi kupewa nenosiri huingia tena bila kubisha kila hotspoti inapowashwa, hivyo libadilishe mara moja moja, hasa baada ya matanga au harusi, boma linapokuwa limejaa vijana wenye simu mpya.

Imebaki betri. Kurusha Wi-Fi huku ukivuta 4G dhaifu ni miongoni mwa kazi nzito zaidi ambazo simu hufanya, kwa kuwa mawimbi yakiwa haba simu hupaza sauti ili busta iisikie. Ukiwa penye mtandao mzuri mezani, acha Wi-Fi, tumia kebo ya USB na uwashe hotspoti ya USB: muunganisho unakuwa imara, na laptopu inaichaji simu. Kwenye nyumba za sola hesabu hiyo igeuze, kwani huenda betri ya laptopu ndiyo inayohitaji kuhurumiwa. Bluetooth nayo hugawa intaneti kwa kasi ndogo na moto kidogo. Kwa barua pepe inatosha.

Joto ndilo adui wa kweli. Simu iliyo juani Kibwezi saa nane mchana, inachajiwa na inarusha hotspoti, itajipunguza kasi yenyewe, kisha itakataa chaji, kisha itajizima. Wengine huificha ndani ya mkebe wa bati wa mafuta ya Kimbo ili isichomwe na jua, na wanashangaa mtandao umepotelea wapi: bati huyafunga mawimbi ndani. Kiondo cha mkonge hakiyazuii hata kidogo, na hewa hupita katikati ya nyuzi zake. Kitundike kwenye tawi la mwembe upande wa busta, uweke simu ndani, ufunike kwa kanga nyepesi. Na usisahau kuishusha kabla mbuzi hawajarudi.