Kuaga si Kuagana

Zamani vijana wa Mtongwe walihesabu siku wakiingoja karamu ya kumaliza Kidato cha Nne. Siku hizi nawasikia baadhi yao wakiapa hawaendi: kuna mchango, nguo ya kukodi, picha, na nyumbani hakuna kitu. Walimu wenzangu, tusiwaite wakaidi. Siku ya maombi kabla ya KCSE, mtihani ulioanza mwaka wa 1989, huja kila mtu na sare yake. Mbona karamu iwabague? Sarufi yetu yatufunza: kuaga aweza mmoja, kuagana, kwa kiambishi “-an-”, hudai pande mbili. Karamu inayomwacha mwenzetu nje ya lango haistahili jina hilo. Tuagane basi kwa sare, chai na mahamri.