Mguu mmoja ni asilimia ngapi? Jinsi fidia ya mlinda amani aliyejeruhiwa inavyokadiriwa

Tuchukue mfano. Kijana wa JWTZ amerudi kutoka Kongo akiwa amekatwa mguu chini ya goti. Madaktari wameona hawezi tena kuendelea na kazi ya jeshi, na amestaafishwa kwa sababu za kiafya. Yuko nyumbani Muheza, au Handeni, au Pangani, na barazani watu wanakadiria. Mmoja anasema huyu atalipwa milioni mia mbili, maana ni hela ya Umoja wa Mataifa. Mwingine anasema hapati kitu, zitaliwa njiani. Mama yake hajui amsikilize nani, na tayari kuna mtu amepiga simu akitaka atumiwe hela kidogo ili "afungue faili".

Wote hao wanabahatisha, na hakuna haja. Fidia hiyo ina hesabu yake, na mtu aliyemaliza darasa la saba anaweza kuipiga mwenyewe kwa simu.

Kabla ya hesabu kuna swali moja: aliumia chini ya bendera gani? Watu wengi husema "aliumia Kongo" kana kwamba inatosha. Haitoshi. Tangu mwaka 2013 askari wetu wamekuwa Kongo ya mashariki ndani ya kikosi cha Umoja wa Mataifa, MONUSCO, katika ile brigedi ya kujibu mashambulizi iliyoundwa pamoja na Afrika Kusini na Malawi. Lakini kuanzia Desemba 2023 kulikuwa pia na Watanzania katika kikosi kingine, SAMIDRC, kilichotumwa na SADC, ambacho jumuiya hiyo iliamua kukiondoa Machi 2025. Nchi ni ileile na adui anaweza kuwa yuleyule, ila mwenye kulipa si yule yule. Tutakayoyaeleza hapa yanamhusu aliyevaa kofia ya buluu ya Umoja wa Mataifa. Aliyekuwa chini ya SADC, au aliyeumia mpakani akiwa kazini kwa taifa lake, mambo yake yako kwenye utaratibu wa SADC na wa Jeshi letu, na asipigiwe hesabu kwa dola za New York.

Sasa tuingie kwenye hesabu yenyewe.

Mwaka 1997 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliamua kwamba mlinda amani akifa kazini, fidia iwe dola 50,000, awe ametoka nchi yoyote. Baadaye kiwango kikapandishwa hadi dola 70,000. Kabla ya uamuzi huo kila serikali ilidai kwa kufuata sheria yake, kwa hiyo maiti ya askari wa nchi tajiri ilikuwa na bei na maiti ya askari wa nchi maskini ilikuwa na bei nyingine, ingawa walikufa kwenye handaki moja. Siku hizi cheo hakiangaliwi wala mshahara hauangaliwi. Praiveti na kanali ni sawa.

Aliyejeruhiwa hulipwa sehemu ya kiasi hichohicho. Daktari anapima ni asilimia ngapi ya mwili imepotea moja kwa moja, kisha asilimia hiyo inazidishwa kwa kiwango cha juu. Kipimo kinatoka kwenye kitabu cha mwongozo cha chama cha madaktari wa Marekani, ambacho kimegawa mwili wa binadamu kiungo kwa kiungo. Kwa kitabu hicho, mguu uliokatwa chini ya goti ni asilimia 28 ya mtu mzima. Kiganja kilichokatwa kwenye kifundo cha mkono ni asilimia 54. Dole gumba zima ni 22, na kidole cha shahada ni 11.

Basi kijana wetu mwenye mguu uliokatwa: 70,000 mara 28 gawanya kwa 100, unapata dola 19,600. Tukichukua dola moja kuwa shilingi 2,500 ili hesabu iwe nyepesi, hiyo ni shilingi milioni 49. Aliyepoteza kiganja anapata dola 37,800, kama milioni 94 na nusu. Kidole cha shahada, dola 7,700.

Msomaji atashangaa mguu kuwa rahisi kuliko kiganja. Hata sisi tunaona mkulima wa Korogwe asiye na mguu hatakubali kirahisi kwamba amepoteza robo tu ya uwezo wake na ziada kidogo, maana shamba halilimwi kwa kukaa. Lakini kitabu hakipimi kazi ya mtu. Kinapima kiungo kinavyofanya kazi mwilini, na kinajua kwamba mguu wa bandia unaweza kumrudisha mtu kutembea kwa namna ambayo mkono wa bandia hauwezi kumrudishia kufunga kifungo. Maumivu, ndoto zilizokatika, mshahara ambao angeupata kwa miaka ishirini ijayo, vyote hivyo havimo kwenye hesabu hii. Hapo ndipo inapotofautiana na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi Julai 2015, ambao wafanyakazi wengi wa mashamba ya mkonge wanaujua. Kule ukikatwa kidole na mashine, malipo ya ulemavu hutazama pia mshahara wako. Huku mshahara hauna sauti.

Kuna mahali familia nyingi hukosea, nako ni pale askari anapokuwa na jeraha zaidi ya moja. Tuseme amepoteza mguu chini ya goti, 28, na dole gumba, 22. Barazani watajumlisha: 50, nusu ya dola 70,000, yaani 35,000. Sivyo madaktari wanavyofanya. Fikiria tenga la machungwa ya Muheza lenye machungwa 100. Jeraha la kwanza limechukua 28, yamebaki 72. Jeraha la pili haliwezi kuchukua kwenye machungwa ambayo hayapo tena. Linachukua asilimia 22 ya yale 72 yaliyobaki, ambayo ni kama 16. Jumla yaliyoondoka ni 44, si 50. Kwa dola ni 30,800. Tofauti ni zaidi ya dola elfu nne, na mtu asiyeelezwa mapema ataapa kuwa kuna mkubwa amezikata, hali hakuna aliyezigusa.

Kinachopunguza fidia bila haki mara nyingi ni karatasi. Umoja wa Mataifa haumlipi askari mkononi wala haupokei barua yake. Serikali ndiyo inayodai, kupitia ubalozi wetu wa kudumu kule New York, na ikisharudishiwa hela inamlipa mhusika. Dai hilo linasimama juu ya mambo mawili: taarifa ya tukio iliyoandikwa na kikosi kule misheni, na ripoti ya daktari inayotaja kiungo, kiasi cha kupungua kwake na asilimia. Ikikosekana ya kwanza, hakuna anayeweza kuonyesha kwamba goti liliumia kwenye doria na si kwenye mpira wa miguu kambini. Na kama jeraha lilikuwapo kabla hajaondoka nchini, sehemu ya zamani hailipwi. Ndiyo maana karatasi za kupimwa afya kabla ya kwenda misheni zina thamani kubwa. Zikionyesha kwamba aliondoka mzima, zinamlinda.

Shambulio kubwa, mara nyingi, huwa na kumbukumbu nzuri. Usiku wa tarehe 7 Desemba 2017 waasi wa ADF walipovamia kambi ya Semuliki, wilaya ya Beni, Watanzania 15 walipoteza maisha na zaidi ya 40 walijeruhiwa. Dunia nzima ilijua, na Umoja wa Mataifa ukatuma timu maalumu kuchunguza. Vivyo hivyo Darfur, Julai 2013, wenzetu saba walipouawa kwa siku moja. Hatari iko kwenye majeraha ya mtu mmoja mmoja: gari lililopinduka kwenye matope, sikio lililozibwa na mlipuko, mgongo. Haya askari huyavumilia, anameza dawa ya maumivu, anarudi zamu, na hakuna aliyeandika chochote. Miaka mitano baadaye mgongo unagoma, na hapo ndipo anaanza kutafuta shahidi.

Kichwa nacho huumia. Aliyerudi salama wa viungo lakini halali usiku, anashtuka mlango ukibamizwa, anapiga watoto ambao zamani hakuwagusa, huyo naye anaweza kuwa na dai. Madai ya namna hii yanatambuliwa, ingawa mengi yalirundikana New York kwa miaka bila kuamuliwa. Yanahitaji daktari wa magonjwa ya akili na kumbukumbu za matibabu zinazofuatana. Mtu akipelekwa kwa mganga tu, hata akipona, hakuna karatasi.

Pwani hii ina historia ya wanajeshi waliokosa haki zao kwa sababu ya karatasi. Novemba 1914 vita vilipiganwa hapahapa Tanga mjini, na askari Waafrika waliowapigania Wajerumani waliendelea na vita hivyo hadi 1918. Walilipwa kwa ahadi. Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwalipa waliokuwa bado hai, na ofisi ya muda ikafunguliwa Mwanza. Inasimuliwa kwamba walifika wazee kama 350, na wachache tu ndio walikuwa na vyeti walivyopewa na kamanda wao mwaka 1918. Wengine walileta vipande vya sare za zamani. Husemwa kuwa mtu wa benki alimpa kila mzee fagio na kumwamrisha kwa Kijerumani ashike silaha, na hakuna aliyekosea amri. Wale walibahatika kukutana na mtu mwenye akili. Leo hakuna atakayekuletea fagio.

Na waliopigana upande wa Waingereza katika vita vya pili, kwenye KAR, walikuwa na karatasi lakini hesabu yenyewe ilikuwa ya ubaguzi. Nyaraka zilizofichuliwa mwaka 2019 zilionyesha kuwa hela ya kuwaaga wanajeshi ilipangwa kwa cheo na kwa rangi, na Mwafrika angeweza kupata mara tatu pungufu ya Mzungu wa cheo hichohicho. Ukiilinganisha na hiyo, ile ya asilimia 28 kwa kila mguu, wa Mtanzania, wa Mhindi au wa Mfaransa, ina ukavu wake lakini haina ubaguzi.

Kuna kanuni moja ambayo familia iikariri. Baraza Kuu limesema kwamba kile anacholipwa mhusika kisiwe pungufu ya kile ambacho Umoja wa Mataifa umeirudishia serikali yake. Sheria ya nchi ikitoa zaidi, apewe zaidi. Lakini chini ya hapo, hapana. Kwa hiyo swali la adabu na la haki la kuuliza ni hili: dai letu limepelekwa lini, na limekubaliwa kwa asilimia ngapi? Ukiijua asilimia, umeijua hela. Uliza pia kiwango cha juu kinachotumika kwa tarehe ya tukio, kwa sababu kimewahi kupandishwa na kinaweza kupandishwa tena. Pensheni na haki nyingine za kustaafu kutoka serikalini ni fungu lingine, lisichanganywe na hili.

Kuhusu kupimwa, subira inalipa. Asilimia hupimwa jeraha likishatulia, pale daktari anapoona halitapona zaidi wala kuharibika zaidi. Akipimwa mapema huku kidonda kinaendelea, namba inaweza kutoka ndogo kuliko hali atakayobaki nayo. Ila kusubiri daktari si kusubiri kuandika: taarifa ya tukio iwepo tangu siku ya kwanza, na nakala zikae nyumbani. Piga picha kila karatasi kwa simu, kisha mtumie ndugu wa mbali, maana nyumba za makuti huungua na mafuriko ya Pangani hayachagui.

Mahali pa kuanzia ni kikosi alichotoka. Aliye mbali amwone mshauri wa mgambo wa wilaya yake, ambaye ni afisa wa JWTZ, amwombe kuelekezwa. Aende na namba ya jeshi, jina la misheni, na mwezi na mwaka wa tukio. Aliyefiwa aende na cheti cha kifo, cha ndoa na vya kuzaliwa vya watoto. Na yule anayepiga simu akitaka elfu hamsini ya kufungua faili, mkate simu. Dai hupelekwa na serikali, na kulipeleka hakuna ada ya kutumwa kwa simu ya mtu.