Mchezo wa kompyuta usirundikwe katika faili moja

MWANAFUNZI wa programu za kompyuta, awe Geita, Kahama au Dar es Salaam, mara nyingi huanza kwa kuandika mchezo mdogo, na msimbo wote wa mchezo huo huuweka katika faili moja.

Kwa mistari 200 utaratibu huo hauna madhara makubwa. Mistari inapofika 5,000, kubadili rangi tu kunaweza kuvuruga hesabu ya pointi, na mwandishi akiondoka, anayerithi kazi hushindwa kujua aanzie wapi.

Wachimbaji wadogo wa ukanda wa dhahabu wanaufahamu vyema mgawanyo wa kazi. Jiwe hutolewa duarani, husagwa kwenye karasha, kisha huoshwa mwaloni. Karasha likiharibika, jiwe hupelekwa kwenye karasha jingine. Hakuna anayechimba duara upya.

Katika programu, hata hivyo, kugawa kwa kufuata hatua za kazi pekee hakutoshi. Mwaka 1972, mtaalamu David Parnas alichapisha makala iliyoeleza kuwa kila sehemu ya programu inapaswa kuficha uamuzi mmoja ambao huenda ukabadilika baadaye, ili ukibadilika, sehemu nyingine zisiguswe.

Mfano ulio karibu ni mchezo wa bao. Ubao wake una mashimo 32 na kete 64. Katika bao la kujifunza, kila shimo huanza na kete mbili. Katika bao la Kiswahili, kila mchezaji huanza na kete 22 mkononi, akiziingiza mojamoja katika hatua ya namua kabla ya kufikia mtaji. Wasukuma nao wana michezo yao ya mashimo iitwayo isolo, yenye kanuni zake.

Hapo ndipo penye jibu la wapi pa kukata. Kanuni hutofautiana, hivyo zikae katika faili la sheria. Ubao na idadi ya kete katika kila shimo vikae katika faili la pili. Mchoro wa skrini, ambao hubadilika kati ya simu na kompyuta, uwe katika faili la tatu. Namna kompyuta inavyochagua shimo la kucheza iwe katika la nne. Faili kuu libaki fupi, likiwa na kazi ya kuyaunganisha mengine na kuanzisha mchezo.

Jambo la kuzingatia zaidi ni nani anamtegemea nani. Faili la skrini linaweza kuliuliza faili la sheria kama hatua fulani inaruhusiwa. Faili la sheria halipaswi kujua kama kuna skrini. Kwa njia hiyo sheria zinaweza kujaribiwa peke yake, hata pasipo mchoro wowote. Aidha, watu wawili wanaweza kufanya kazi kwa wakati mmoja bila mmoja kufuta kazi ya mwenzake.

Mafaili mawili yakitegemeana kwa zamu, la kwanza likihitaji la pili na la pili likihitaji la kwanza, mgawanyo huo ni wa jina tu.

Manufaa ya mpangilio huu yameonekana katika mchezo wa Doom, uliotoka mwaka 1993 na msimbo wake kuwekwa hadharani mwaka 1997. Mafaili yake yalitambulishwa kwa herufi za mwanzo: yanayochora picha yalianza na r, na yale yanayowasiliana na mashine yenyewe yalianza na i. Aliyetaka kuuhamishia mchezo huo kwenye mashine nyingine alishughulika zaidi na kundi hilo la mwisho. Tangu hapo Doom imehamishiwa kwenye mashine za aina nyingi mno.

Hata hivyo, hakuna amri ya idadi ya mistari. Katika mchezo wa Celeste wa mwaka 2018, faili linaloongoza mhusika mkuu lina zaidi ya mistari 5,000, na mchezo ulifanikiwa. Kukata msimbo vipande vidogo kupita kiasi nako humlazimisha msomaji kufungua mafaili kumi ili aelewe jambo moja.

Kwa Shinyanga na Geita, suala hili linahusu pia urithi. Kanuni za isolo hukaa zaidi vichwani mwa wanaoicheza kuliko vitabuni. Mzee akimweleza kijana namna mchezo unavyochezwa kwao, kijana mwenye programu iliyopangwa vizuri ataandika faili moja jipya la sheria, na ubao, skrini na sauti vitabaki kama vilivyokuwa. Aliyerundika kila kitu mahali pamoja atalazimika kuanza upya, na huenda asianze kamwe.