Motokari ya kila siku: mbele ya kuilipa, uipime kama mgonjwa

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu nyumbani,

Leo hatutasema juu ya kofia ya chuma wala viatu vya kazi. Tutasema juu ya motokari inayolala mbele ya mlango wako, ile inayokupeleka kazini kungali giza, inayopeleka watoto masomo, na siku ya mshahara inapeleka mama sokoni. Sasa imechoka na unataka kuibadilisha. Umeweka feza kidogo kidogo, na unazunguka kwa wauzaji kutafuta ingine iliyokwisha kutumika. Unauliza: Bei gani? Inakula esansi ngapi? Rangi hii inapendeza bibi? Maulizo hayo si mabaya. Lakini mimi, msaidizi wa mganga, ninataka uulize jingine mbele ya hayo yote: Je, motokari hii itarudisha watu wangu nyumbani wazima?

Siandiki haya kwa sababu nina akili kupita wewe. Ninaandika kwa sababu mimi mwenyewe nilikosa.

KICHWA KILICHOUMA SIKU ZA MASOMO

Nilikuwa na motokari ndogo yenye miaka kupita 20. Mlango mmoja ulifungwa kwa kamba, lakini kila asubuhi mashini iliwaka, na mimi nilijivuna. Mvua zilipoanza tulizoea kufunga vioo vyote. Katika majuma yale binti yetu wa miaka saba alianza kulalamika: kichwa kinauma, roho inachafuka. Nilifanya vile ninavyofanya kwa watoto wa wenzangu: nilimpima malaria. Hakuna. Nikampa dawa ya kichwa. Juma lililofuata, tena vile vile. Nikampima mara ya pili. Hakuna.

Aliyeona jambo ni bibi yangu, si mimi. Jioni moja aliniambia: «Baba, mtoto huyu haumwi siku ya posho wala siku ya Mungu. Anaumwa siku anazopanda motokari tu.»

Kesho yake nilikwenda kwa fundi. Aliinua motokari, akanionyesha. Bomba la moshi lilikuwa na tundu, tena sawasawa chini ya kiti cha nyuma. Juu ya tundu lile, bati la chini lilikuwa limeoza kwa kutu, na kapeti ilikuwa inafunika yote. Moshi ulikuwa unapanda mahali mtoto anapokaa. Mimi ninayefundisha watu afya nilikuwa ninampa binti yangu sumu kila asubuhi, kisha ninampa dawa.

Uelewe vizuri sumu hiyo. Katika moshi wa mashini kuna hewa inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu. Damu yetu inaishika kwa nguvu inayopita mara 200 ile inayoshika oksijeni. Kwa hiyo mtu anavuta pumzi, kifua kinapanda na kushuka, lakini ubongo na moyo havipati oksijeni ya kutosha. Kwanza kichwa kinauma, kizunguzungu kinakuja, mtu anataka kutapika, mwili unalegea. Ikizidi, analala na haamki. Watu wengi wanafikiri ni malaria, kama nilivyofikiri mimi.

Ukiona watu wawili au watatu wanaumwa kichwa pamoja ndani ya motokari, simama, zima mashini, fungua milango yote, watoke nje wapate hewa safi. Anayesinzia ovyo au aliyezimia apelekwe hospitali upesi, kwa sababu anahitaji oksijeni. Tena usiwashe mashini hata siku moja ndani ya garaji iliyofungwa.

Rafiki mmoja alinishauri: «Piga rangi, uza.» Nilikataa. Mnunuzi naye angekuwa baba wa mtu. Niliiuza kama vyuma, kwa feza kidogo sana, kisha nikaanza kutafuta ya pili.

VOLANI IKO UPANDE GANI?

Motokari ya kwanza niliyoonyeshwa ilikuwa nyeusi, inang'aa kama kioo, viti vingali na plastiki. Volani ilikuwa kuume. Nilikwisha kutoa feza mfukoni wakati mwenzangu, shofere wa zamani, aliponishika mkono.

Unajua namna motokari nyingi zinavyofika kwetu. Zinatoka Japani, zinashuka bandarini Dar es Salaam, zinapita Tunduma, zinakata Zambia mpaka Kasumbalesa. Katika nchi hizo tatu watu wanaendesha kushoto, kwa hiyo volani kuume ni sawa kwao. Sisi katika Kongo tunaendesha kuume. Matokeo yake ni matatu.

La kwanza: kupita kamiyo. Waza uko katika barabara ya Likasi kwenda Kolwezi, nyuma ya kamiyo iliyobeba mizigo ya migodi. Mwenye volani ya kushoto anatoa pua kidogo, anaona mbele. Mwenye volani ya kuume haoni kitu mpaka motokari karibu yote imekwisha kuingia upande wa wanaokuja. Wengine wanamtegemea abiria awaambie: «Pita!» Usiweke maisha ya jamaa yako katika kinywa cha abiria.

La pili: taa. Taa za mbele za motokari hizo zimetengenezwa zimulike zaidi kando ya kushoto, yaani kando ya barabara ya kwao. Kwetu kushoto ndiko wanakotoka wengine. Hata ukishusha taa, unawapiga machoni.

La tatu: mlango. Mabasi madogo mengi ya namna hiyo yana mlango wa kusukuma upande wa kushoto. Unaposimama mbele ya masomo, mtoto anashuka katikati ya barabara, si kando.

Ikiwa una njia ya kuchagua, chagua volani ya kushoto. Ikiwa huna, badilisha taa za mbele, usipite kamiyo ila mahali barabara inaonekana wazi mbali, na watoto washuke upande wa kando tu.

FRENI, MIPIRA, MIKANDA

Muuzaji atakufungulia redio kwanza. Mwambie aizime. Wewe anza na vitu vitatu hivi.

Freni. Mashini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara nne au tano, kisha ikanyage na kushikilia nusu ya dakika. Ikishuka polepole mpaka chini, freni zinavuja. Ungali unakanyaga, washa mashini: pedali inapaswa kushuka kidogo. Isiposhuka, kile kinachosaidia mguu kimekufa. Kisha mahali pasipo watu, endesha na kupiga freni: motokari isimame kwa mstari, isivute kando.

Mipira. Usiangalie weusi wake, kwa maana kuna dawa ya kuupaka ung'ae. Tafuta ubavuni herufi DOT na tarakimu nne za mwisho. Mbili za kwanza ni juma, mbili za nyuma ni mwaka. Ukisoma 2314, mpira ulitengenezwa juma la 23 la mwaka 2014. Mpira wa zamani hukauka na kupasuka hata kama meno yake ni marefu. Meno yasipungue milimeta 1,6, na wakati wa mvua afadhali yawe 3 au zaidi, maana ndiyo yanayosukuma maji kando.

Mikanda. Vuta kila mkanda mpaka mwisho, wa mbele na wa nyuma, kisha uuvute kwa ghafula: sharti ukatae. Ukiona mstari wa matope kwenye sehemu iliyokuwa imejificha ndani, motokari hiyo ilizama katika mafuriko. Iache.

Juu ya mikanda ninataka kusema zaidi. Motokari inayokwenda kilometa 50 kwa saa na kugonga ukuta, kwa mwili wa mtu ni sawa na kuanguka kutoka juu ya meta 10. Hakuna mama anayeweza kushika mtoto mikononi katika anguko hilo. Mkanda unapunguza karibu kwa nusu hatari ya kufa kwa wanaokaa mbele. Watoto wakae nyuma, wamefungwa. Mkanda upite juu ya mifupa ya kiuno, si tumbo. Juu ya bega, si shingo. Mtoto asiyefika sentimeta 135 anahitaji kiti cha kumwinua ili mkanda ukae sawa. Kwa hiyo ukinunua, hesabu: jamaa yako ni watu wangapi, na mikanda mizima ni mingapi? Watu wasiopata mkanda wana haki gani ya kupanda?

Ikiwa motokari ina mifuko ya hewa, fungua kontaki na uangalie taa yake ndogo. Inapaswa kuwaka kidogo kisha kuzimika. Isipozimika, kuna ubovu. Isipowaka hata kidogo, huenda mtu ameiondoa ili usijue.

MASHINI NA MOSHI

Fika asubuhi, tena usimwambie muuzaji saa. Mbele ya kuwasha, weka mkono juu ya kifuniko cha mashini. Ikiwa imepata moto, ameiwasha mbele yako ili kuficha shida ya asubuhi.

Iwashe na usimame nyuma. Moshi wa buluu: inakula mafuta ya mashini. Moshi mweusi: inachoma esansi kupita kiasi. Moshi mweupe, mzito, usiokwisha hata mashini ikipata moto: maji yanaingia mahali pasipo pake. Fungua kifuniko cha mafuta. Ukiona povu kama maziwa chini yake, kuna uwezekano maji na mafuta vimechanganyika.

Kisha fanya kile ambacho mimi sikufanya zamani. Inua kapeti zote, bonyeza bati kwa kidole. Lala chini, angalia bomba la moshi toka mashini mpaka mwisho. Mahali penye masizi meusi kwenye kiungo ni mahali moshi unapotoka. Fundi akiwa rafiki yako, mlipe bia au esansi, lakini asiwe fundi wa muuzaji.

Usiamini sana kilometa zinazoandikwa, zinarudishwa nyuma. Uamini vitu vinavyoguswa. Ukisoma kilometa 60.000, lakini mpira wa pedali umelika na volani imekuwa laini kama jiwe la mtoni, nambari ile ni ya uongo.

KARATASI NA FEZA

Nambari ya shasi iliyopigwa kwenye chuma iwe sawa na ile ya karti roze na ya karatasi za duane. Nambari iliyokwaruzwa au kuchomelewa ni mwanzo wa safari ya polisi. Jina la anayekuuzia liwe lile la karatasi, ama awe na barua ya mwenyewe. Andikeni mapatano mbele ya washahidi, siku hiyohiyo.

Tena, usimalize feza yote siku ya kununua. Hili ndilo kosa la wengi kati yetu. Mtu ana feza ya motokari nzuri, ananunua ile inayopita kipimo chake, kisha anaendesha mwaka mzima na mipira mibovu kwa sababu mfuko umekauka. Nunua ya chini kidogo, na uweke feza ya mipira, ya freni, ya mafuta, na ya mkanda wa raba ulio ndani ya mashini. Mkanda huo, katika mashini nyingi zilizo nao, hubadilishwa karibu na kilometa 100.000, ukikatika barabarani, unaweza kuvunja mashini yote.

Mimi mwishoni nilichukua motokari yenye mkwaruzo mrefu mlangoni, rangi imepauka, volani kushoto, mikanda mitano mizima. Jirani mmoja alinicheka: «Umeacha ile nyeusi, umechukua hii?» Juma lilelile nilibadilisha mipira minne. Mkwaruzo ungaliko mpaka leo. Binti yetu anakaa nyuma, amefungwa mkanda, na kichwa hakimwumi tena.

Neno la mwisho kwa mnaotoka kazi ya usiku: hata motokari nzima haiwezi kumsaidia shofere anayesinzia. Macho yakiwa mazito, simama mahali salama, ulale dakika 20. Mama atangoja.

KATA SEHEMU HII, UIWEKE MFUKONI

1. Volani: kushoto ni bora. Angalia pia taa na milango.
2. Freni: pedali isizame, motokari isivute kando.
3. Mipira: soma tarakimu nne, pima meno.
4. Mikanda: mmoja kwa kila mtu, na watoto nyuma.
5. Moshi: bomba halina tundu, bati chini ya kapeti ni zima.
6. Mashini: iwe baridi unapofika.
7. Shasi na karatasi: nambari moja, jina moja.
8. Feza: bakiza ya matengenezo.

Likikosekana moja katika yale ya 2 mpaka 5, usilipe mpaka litengenezwe. Muuzaji akikasirika, mwache akasirike. Motokari zingine zitakuja kesho. Mtoto wako ni mmoja.