Wanaotoweka Vyuoni Nao Wahesabiwe

Mwaka 1970 Kenya ilikuwa na chuo kikuu kimoja, cha Nairobi. Leo, vya umma na vya kibinafsi, vimepita sitini. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, iliyorithi kazi ya tume ya 1985 kwa Sheria ya 2012, hukagua mitaala, maktaba na sifa za wahadhiri. Vyema. Lakini mwanafunzi anayesajiliwa kwa vigelegele, kisha akatoweka mwaka wa tatu kwa kukosa karo, huandikwa wapi? Katika orodha yangu jina lake husalia, bila alama, hata wenzake wakahitimu. Wasajili watujibu: kati ya walioingia pamoja, wangapi walihitimu, na baada ya miaka mingapi? Jawabu lichapishwe kila mwaka, chuo kwa chuo.