Hati za Uhuru: Jinsi Sheria Ilivyomfikia Mtumwa katika Tabora

Siku moja tulikuwa tukifundisha, na wavulana wawili wakagombana kwa ajili ya kalamu. Tuliwaacha kidogo, tukidhani maneno yatakwisha yenyewe, hata mmoja akamwambia mwenzake, "Nyamaza, ninyi ni watu wa watumwa." Darasa zima likanyamaza. Yule aliyeambiwa hakujibu neno, akainamisha kichwa tu. Tukamwuliza mwenziwe, "Neno hili umelipata wapi?" Akasema, "Nyumbani. Bibi ndiye asemaye."

Tuliona haya. Katika nchi hii hakuna mtumwa kwa sheria tangu mwaka wa 1922, na siku hizo bibi yake mwenyewe alikuwa hajazaliwa. Sheria imekwisha kuzeeka, na neno lingali jipya. Kwa hiyo tumeona vema kuwaandikia ninyi wazazi, na ninyi walimu wenzetu, habari ya jinsi sheria ilivyouondoa utumwa hapa kwetu Tabora, hatua kwa hatua, ili mtoto akiuliza apate jibu lililo kweli.

Wote twajua ya kuwa njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe. Hapo iligawanyika: moja ilikwenda Ujiji, na kuvuka ziwa Tanganyika mpaka Manyema, nyingine ilikwenda kaskazini, Karagwe na Buganda. Wazungu Burton na Speke walipofika mwaka wa 1857 waliwakuta Waarabu wamekwisha kukaa Kazeh, ndiyo Tabora. Pembe za ndovu zilishuka pwani. Nguo, shanga na bunduki zilipanda bara.

Hapa yatupasa kuondoa kosa moja. Watu wengi hudhani kila mpagazi alikuwa mtumwa. Sivyo. Wapagazi wa Kinyamwezi kwa sehemu kubwa walikuwa waungwana, waliopatana ujira wao kwa nguo, na wengine walichukua pembe zao wenyewe wakauze. Mtumwa alikuwa mtu mwingine: aliyetekwa vitani, au aliyeuzwa wakati wa njaa, au aliyewekwa rehani kwa deni lisilolipwa, au aliyehukumiwa. Wala si wote waliopelekwa pwani. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka wa 1873 kwa mkataba wa Sultani Barghash na Waingereza, lakini watu wengi walikuwa wakibaki bara, wakilima mashamba ya Waarabu, ya watemi, na ya Wanyamwezi wenye mali, waungwana walipokuwa safarini.

Je, mtu huyo aliweza kwenda barazani kudai haki yake? Tutazame mabaraza yalivyokuwa.

Katika baraza la mtemi, shauri lilikuwa la ukoo na ukoo, si la mtu peke yake. Mtu akitozwa fidia, ndugu zake walimchangia. Akidhulumiwa, ndugu zake walisimama pamoja naye mbele ya wanyampara. Mtumwa hakuwa na wa kumchangia, wala wa kusimama naye. Nasi twaona hii ndiyo maana ya utumwa kuliko minyororo: ni mtu kukosa ndugu barazani. Wazee husema, mnyonge hana haki. Naye hakuwako mnyonge kumpita huyu.

Kwa Waarabu na watu wa pwani, hukumu ilifuata sheria ya Kiislamu. Sheria hiyo ilihesabu kumwacha mtumwa huru kuwa tendo la thawabu. Na mwana ambaye suria alimzalia bwana wake alikuwa huru, naye mama hakuuzwa tena, bali alikuwa huru bwana wake akifa. Walakini ushahidi wa mtumwa haukupokelewa kama wa mwungwana. Aliweza kuwa ameona kwa macho yake, na neno lake lisipimwe.

Kisha wakaja Wadachi. Mwaka wa 1890 Emin Pasha aliinua bendera yao Tabora kwa mapatano na Waarabu. Mtemi Isike wa Unyanyembe hakukubali kutawaliwa, akapigana hata Januari 1893, ngome yake ilipovunjwa naye akafa. Tangu hapo neno kubwa la sheria lilikuwa bomani.

Wadachi walikataza vita vya kuteka watu na biashara ya kuwauza misafarani. Lakini kumiliki mtumwa hawakukukataza. Waliogopa kwamba mashamba yatalala, biashara itakufa, na watemi na Waarabu, ambao utawala wao uliwategemea, watageuka maadui. Basi wakachagua njia ya polepole. Kwa amri ya mwaka wa 1901 mtumwa alipewa siku mbili katika juma za kujifanyia kazi yake, na haki ya kujikomboa kwa fedha. Bwana wake alipaswa kumtunza katika ugonjwa na uzee. Na bwana aliyemtesa aliweza kunyang'anywa haki yake juu yake. Kwa amri ya Desemba 1904 ikasemwa kwamba mtoto yeyote wa mtumwa atakayezaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 ni huru.

Aliyekombolewa, au aliyeachwa na bwana wake, au aliyefunguliwa na mkubwa wa boma, aliandikiwa hati ya uhuru. Hati hizo zilitolewa kwa maelfu katika nchi nzima. Karatasi ndogo, lakini mwenyewe aliishika kama mtu ashikavyo mtoto wake, maana nje ya karatasi ile hakuwa na ushahidi mwingine.

Hesabu ya amri hizo tuliwaandikia watoto ubaoni, nasi twaiandika hapa. Mfikirini mama mmoja, mtumwa katika shamba karibu na Tabora. Binti yake amezaliwa mwaka wa 1904. Mwanawe wa kiume amezaliwa mwaka wa 1906. Kwa sheria ya wakati ule, mama ni mtumwa, binti ni mtumwa, na mwana ni huru. Chungu kimoja, mkeka mmoja, moto mmoja, na sheria mbili katika nyumba. Mama yule akitaka uhuru, sheria haikumwendea. Yeye alipaswa kuiendea: kuacha shamba, kutembea mpaka boma, kusimama mbele ya Mzungu asiyemjua, na kumshtaki bwana ambaye jioni angerudi kula kwake. Ni wangapi walioweza? Mambo hayakuwa mengine Unguja: amri ya mwaka wa 1897 iliondoa hali ya utumwa mbele ya mahakama, lakini mtumwa ndiye aliyetakiwa kwenda kuomba uhuru wake, na masuria waliachwa nje ya amri ile hata mwaka wa 1909.

Wengi basi walijifungua kwa miguu yao wenyewe. Reli ilifika Tabora mwaka wa 1912, na Kigoma mwaka wa 1914. Penye kazi ya ujira mtu aliweza kuondoka usiku asirudi.

Misioni nayo ilikomboa watu kwa fedha. Mapadre Weupe walikuwa na nyumba ya watoto waliokombolewa huko Kipalapala. Tena Adrian Atiman, aliyetekwa utotoni katika nchi ya mto Niger, alikombolewa na mapadre hao katika Algeria, akasomeshwa uganga Malta, akaja kwa njia yetu hii ya misafara mpaka Karema, ziwani Tanganyika. Huko aliwatibu na kuwafundisha watu tangu mwaka wa 1889 mpaka alipofariki mwaka wa 1956. Twamtaja kwa furaha. Lakini tusifiche upande wa pili: fedha ya ukombozi ilimfikia yule aliyeuza, na mtoto aliyekombolewa hakuulizwa daima anataka kwenda wapi. Kukomboa mmoja mmoja ni rehema. Hakukutosha kuwa sheria.

Septemba 1916 Wabelgiji waliitwaa Tabora, na baada ya vita nchi ikawa mikononi mwa Waingereza kwa udhamini wa Shirika la Mataifa, lililotaka utumwa ukomeshwe. Mwaka wa 1922 ikatolewa sheria ya kuukomesha kabisa. Hapo ndipo mama yule na binti yake walipofikiwa. Hawakuhitaji kumshtaki mtu, wala kulipa, wala kuonyesha karatasi. Binti alikuwa na miaka kumi na minane.

Je, mambo yalikwisha? Kwa maandishi, ndiyo. Kwa maisha, bado. Waingereza waliwarudishia watemi nguvu kwa sheria ya mwaka wa 1926, na mwaka wa 1929 mabaraza yao yakapangwa kuwa mahakama za wenyeji, yenye karani na daftari. Hili lilikuwa jema, maana watu walihukumiwa kwa lugha yao na desturi yao. Lakini desturi huuliza, ukoo wako ni upi? Mjomba wako ni nani? Nani atapokea mahari ya binti huyu? Nani atarithi kiwanja hiki? Mtu asiyekuwa na ukoo ajibu nini? Sheria ya 1922 ilimpa uhuru; haikumpa ndugu.

Nchi ilipopata uhuru mwaka wa 1961, Waziri wa Sheria alikuwa Abdallah Fundikira, mtemi wa Unyanyembe, wa ukoo uleule uliokalia baraza la zamani. Mwaka wa 1963 utawala wa watemi uliondolewa, na sheria ya mwaka huohuo ikaleta Mahakama za Mwanzo badala ya mahakama za wenyeji. Leo mtu akisimama mbele ya hakimu wa Mahakama ya Mwanzo, haulizwi kwanza kama ni mwungwana. Neno lake lapimwa kwa ukweli wake. Imechukua zaidi ya miaka mia tangu Burton alipopita hapa, hata tukafika pale.

Basi, ndugu zetu, kilichobaki hakimo mahakamani. Kimo nyumbani mwetu. Kijana akileta posa, wazee hunong'onezana juu ya asili ya watu wake, na posa hurudishwa bila sababu kutajwa. Tena wako wanaochukua binti wa kijijini kwa kazi za nyumba, asilipwe, asisome, asiruhusiwe kwenda kwao, nao husema, "Tumemsaidia." Nchi yetu ina sheria ya mwaka wa 2008 juu ya usafirishaji haramu wa watu, lakini binti huyu naye, kama yule mama wa zamani, hajui njia ya kwenda bomani. Je, tumngoje aijue, au sisi tumfikie?

Siku ile tulipomaliza kuandika hesabu ubaoni, yule mvulana aliyetukana alikaa akiitazama kwa muda. Kisha akanyosha mkono. "Mwalimu," akasema, "dada aliyezaliwa mwaka wa 1904 alikosa nini?"

Tukamwambia, "Hakukosa kitu."

Akamrudishia mwenzake kalamu. Nasi twawaomba ninyi wazazi, mtoto akiwauliza swali lile, mpeni jibu lilelile. Na bibi akiwa karibu, mpeni kwa sauti ya kusikika.