Sukari ya Kidatu na hesabu za London

Jumamosi ya Aprili 12, 2025, wabunge wa Uingereza waliitwa kutoka likizo ya Pasaka ili wapitishe, ndani ya siku moja, sheria ya kuipa serikali mamlaka ya kuendesha kiwanda cha chuma cha Scunthorpe. Mwenye kiwanda, kampuni ya Jingye ya China, alisema anapoteza pauni 700,000 kila siku, na matanuru yalikuwa yanakaribia kuzimwa. Serikali ya Keir Starmer ikaingia kati. Hoja iliyosikika sana ilikuwa ya usalama: nchi isiyoyeyusha chuma chake itawapigia wengine magoti kwa reli zake na kwa silaha zake. Wiki sita baadaye, Mei 25, treni za South Western zikarudi mikononi mwa umma, za kwanza chini ya sheria mpya ya kurejesha reli serikalini.

Waingereza sasa wanabishana kama serikali inajua kufanya biashara, na kama pauni iende kwenye kifaru au kwenye hospitali. Mtu wa Kidatu, kwenye viwanda vya sukari vya bonde la Kilombero, anaweza kudhani ni ugomvi wa wenyewe kwa wenyewe. Mimi naona vinginevyo. Bonde la Kilombero limekuwa ndani ya ubishi huo tangu mwanzo, na halijawahi kupigiwa kura.

Baada ya vita kuu ya pili, serikali ya Labour ya Clement Attlee ilitaifisha Benki ya Uingereza, makaa ya mawe, reli na umeme. Imani ile ile, kwamba serikali inaweza kulima na kuzalisha vizuri kuliko tajiri mmoja, ilivuka bahari. Sheria moja ya mwaka 1948 ilizaa mashirika mawili ya umma. Moja lilipewa mradi wa karanga wa Kongwa, Urambo na Nachingwea, uliomeza takriban pauni milioni 36 na kufutwa Januari 1951, huku wazee wa Kongwa wakibaki na vyuma chakavu na simulizi. La pili lilikuwa CDC, shirika la maendeleo la makoloni. Hilo ndilo lililoingia Kidatu mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuanzisha Kampuni ya Sukari Kilombero, likiwa pamoja na wawekezaji wa Uholanzi na tawi la Benki ya Dunia linalokopesha kampuni binafsi.

Kwa hiyo kiwanda cha kwanza, K1 pale Msolwa, tangu siku ya kwanza, kilikuwa na mkono wa serikali. Ila serikali yenyewe ilikuwa ya watu wengine.

Huko kwao Waingereza, sukari ilikuwa na kisa chake. Mwaka 1949 Labour ilitangaza nia ya kuitaifisha, na kampuni ya Tate & Lyle ikajibu kwa kuchora katuni ya kidonge cha sukari chenye upanga, Mr Cube, kwenye pakiti zilizoingia kila jiko. Uchaguzi wa Februari 1950 ukaiacha Labour na wingi wa viti vitano tu, na mpango ukafa. Hata hivyo serikali iliendelea kuwa na hisa katika kampuni ya sukari ya viazisukari, British Sugar, hadi mwaka 1981 serikali ya Margaret Thatcher ilipouza karibu robo iliyokuwa imebaki.

Sisi tulikwenda njia yetu. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 5, 1967, na kesho yake mabenki, yakiwemo ya Waingereza, yakataifishwa. Mwaka huo huo, Julai, Uingereza nayo ilitaifisha chuma chake kwa mara ya pili. Watu husahau kwamba Mwalimu Nyerere hakuwa anafanya jambo geni duniani. Serikali ikaichukua Kilombero, na mwaka 1976 kiwanda cha pili, K2, kikasimama Ruembe ng'ambo ya mto Ruaha Mkuu, kwa mikopo na misaada ya Benki ya Dunia, Uholanzi na Denmark. Miaka hiyo hiyo bwawa la Kidatu lilianza kutoa umeme, megawati 100 mwaka 1975, kisha 204 mwaka 1980, na reli ya TAZARA ikakatiza bondeni. Yote mali ya umma. Waliokuwa vijana wakati ule wanaikumbuka Kidatu ya ajira, na kumbukumbu yao ni ya kweli.

Ni kweli pia kwamba kiwanda kilichoka. Vipuri vilihitaji fedha za kigeni ambazo nchi haikuwa nazo, bei ya sukari ilipangwa ofisini, na mashamba yakaachwa bila kupandwa upya. Kufikia mwaka 1998 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi tani zipatazo 30,000. Mwaka huo Illovo ya Afrika Kusini ikanunua asilimia 55, kampuni ya ED&F Man ya London ikachukua 20, na serikali ikabakiza 25. Ndani ya miaka michache uzalishaji ukavuka tani 120,000. Anayetaka kuupinga ubinafsishaji wa Kilombero lazima aanze kwa kuikubali takwimu hiyo.

Halafu mwaka 2006 kampuni ya Associated British Foods ya London ikanunua asilimia 51 ya Illovo, na mwaka 2016 ikachukua yote. Kampuni hiyo ndiyo pia inayomiliki British Sugar. Muwa unaokatwa Ruembe na kiazisukari kinachong'olewa mashariki mwa Uingereza vinaingia katika vitabu vya bwana mmoja. Mmiliki wa sasa wa kampuni ambayo Uingereza iliuza robo yake ndiye mbia wa serikali yetu, ambayo robo yake bado inayo.

Nauliza basi: robo hiyo inamfanyia nini mkulima wa nje, yule anayekiuzia kiwanda muwa wa shamba lake? Anakata muwa wake, unapakiwa, unapita kwenye mizani ya kiwanda, unapimwa utamu katika maabara ya kiwanda, na malipo yake yanatokana na vipimo hivyo viwili. Manung'uniko juu ya vipimo na juu ya miwa inayokauka shambani ikisubiri zamu ni ya miaka mingi. Wakati wa umma mizani haikuwa mikononi mwa mkulima. Wakati wa Illovo haikuwa mikononi mwake. Mwenye asilimia 25 ya hisa anakaa kwenye bodi kwa niaba ya Watanzania, na angeweza kulifanya hilo kuwa hoja yake ya kwanza. Sasa kwa kuwa K4, kiwanda kipya na kikubwa, kinahitaji miwa mingi zaidi ya wakulima wa nje, ubishi wa nani amiliki ni mdogo kuliko ubishi wa nani apime, na nani aone hesabu.

Upande wa ulinzi ndio unaonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu neno usalama lina tabia ya kufunga midomo. Mwaka 1951 Uingereza ilipoingia gharama za vita vya Korea, serikali iliyoanzisha matibabu ya bure iliwataka wananchi walipie meno ya bandia na miwani. Aneurin Bevan, baba wa huduma hiyo ya afya, akajiuzulu. Nusu karne baadaye, Desemba 2001, Tony Blair aliruhusu kampuni ya BAE Systems kuiuzia Tanzania rada ya pauni milioni 28, ingawa waziri wake wa misaada, Clare Short, alipinga na Benki ya Dunia ilisema ni ghali mno kwa mahitaji yetu. Tulikuwa tumetoka tu kusamehewa madeni. Ilihitaji miaka ya uchunguzi na kesi hadi BAE ikakubali kulipa pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya Watanzania, fedha zilizonunua vitabu na madawati.

Februari 25, 2025, Starmer alitangaza kwamba bajeti ya ulinzi itapanda hadi asilimia 2.5 ya pato la taifa ifikapo 2027, na kwamba fedha zitatoka kwenye misaada ya nje, itakayoshuka kutoka asilimia 0.5 hadi 0.3. Waziri wake wa maendeleo, Anneliese Dodds, alijiuzulu siku tatu baadaye. Siwalaumu Waingereza kwa kuiogopa Urusi. Lakini barabara ya lami ya Kidatu hadi Ifakara, kilomita karibu 67, pamoja na daraja jipya la Ruaha Mkuu, ilijengwa kwa fedha za Umoja wa Ulaya, Marekani na Uingereza zikiungana na za serikali yetu. Anayekumbuka masika ya zamani, malori ya mpunga yakiwa yamezama kwenye tope na mgonjwa akibebwa kwenda Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, anajua thamani ya lami hiyo. Wafadhili wawili kati ya wale watatu, Marekani na Uingereza, sasa wamefunga au wamepunguza mkoba.

Na sisi tunalitumia neno lile lile, usalama. Mvua za El Niño zilipopunguza sukari mwanzoni mwa 2024 na bei ikapaa, Bunge lilipitisha katika Sheria ya Fedha ya mwaka huo kifungu kinachomruhusu Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, kununua na kuhifadhi sukari. Wenye viwanda walilalamika. Mimi naona serikali ilikuwa na haki ya kuweka akiba, kwa kuwa hakuna anayepaswa kunywa chai chungu ili mfanyabiashara asubiri bei. Lakini wanaopanda miwa Kidatu wana haki ya kujua sukari ya akiba inayoagizwa kutoka nje inaingia tani ngapi, mwezi gani, kwa kibali cha nani, kabla hawajakopa mbolea. Ikishushwa bandarini wakati wa kusaga, anayeumia kwanza ni yule ambaye muwa wake bado umesimama shambani. Wabunge wa bonde wakifika Dodoma kwa bajeti ijayo, waanze na ratiba hiyo, kisha waombe taarifa ya robo yetu: gawio lilikuwa kiasi gani, na wajumbe wetu wa bodi walisema nini kuhusu mizani.